Kifuniko cha Sufuria kwa Mtoto wa Usiku

Wakio mwanangu,

Salamu za barua ni za watu walio mbali, na wewe uko chumba cha pili, nakusikia unaimba huku ukikunja nguo. Mimi huku mezani nimepiga miayo hata taya linauma. Saa hizi ndizo wewe wachangamka na mimi nazimika. Ukikuta mahali mwandiko umeteremka kama mlevi anayeshuka ngazi, ujue hapo nilisinzia, usidhani nilikuwa nalia. Nikilia nitakuandikia wazi.

Ya mwavuli, ya chandarua na ya watu wa kujiepusha nao, mama yako ameyasema yote, mengine ameyarudia. Mimi nina moja tu. Juzi ulinijia hapa hapa mezani ukaniambia, "Baba, kazi ya eksirei kule Kisumu nimepata, na zamu nimeomba ya usiku. Nataka radhi zako." Nami nikakujibu, "Tutaona." Nyumba nzima inajua kwamba "tutaona" yangu ni "hapana" iliyochana nywele. Tangu hapo hujaniuliza tena. Kesho unapanda treni bila jibu, na hilo ndilo lililoniweka macho wakati watu wa aina yangu wamekwisha kulala.

Wajua kazi yangu. Nasimama geti la bandari nikitazama lakiri za makontena, ile mihuri inayofungia milango. Kontena lenyewe silifungui. Naangalia lakiri kama ni nzima, kama nambari yake yafanana na ya kwenye karatasi, kama kuna alama ya koleo. Nikishuku, naita wenye kufungua. Kwa ufupi, mimi nalipwa kushuku, na mtu akilipwa kwa jambo miaka mingi, akifika nyumbani hulifanya bure.

Kwa hivyo ulipoomba usiku mara ya kwanza, kwenye mazoezi ya kazi hospitalini, nilishuku papo hapo. Nani aombaye usiku? Usiku hupewa mgeni, au aliyemkosea mkubwa wake. Tena nilikuwa nimekusikia ukizungumza kwenye simu jikoni, unacheka, wasema, "Usiku ndio wetu sisi!" Nikamwendea mama yako.

"Kuna mwanamume," nikamwambia.

"Mwanamume gani, Baba Wakio, atakayekaa chumba cha eksirei mpaka kunakucha?"

"Huyo huyo."

"Basi ukimpata mlete hapa," akasema, "nami nimwone mtu asiyelala mapema kama kuku."

Hapo alikuwa ananisema mimi.

Lakini shaka yangu juu yako haikuanza hapo. Mimi ni mtu wa milimani Taita, na kwetu jua likichomoza likakuta uwanja haujafagiwa, mama mwenye nyumba hutazamwa kama aliyeiba. Nikashuka na desturi hiyo mpaka hapa Tononoka, ghorofa ya tatu, ambapo hata uwanja wa kufagia hatuna. Ufagio nikauacha, desturi ya kuamsha watu nikaishikilia. Ndipo kilipoingia kile kifuniko cha sufuria kubwa ya wali. Kila alfajiri, kifuniko mkono wa kushoto, mwiko mkono wa kulia, navigonga mlangoni pako. Kimebonyea katikati kwa ajili yako. Wali wa nyumba hii huvujisha mvuke upande mmoja miaka yote hii, na mama yako hukiwekea jiwe la kinu juu, na hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini.

Nawe ulikuwa waamka kama mtu aliyefukuliwa. Ulikuwa wavaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Kuna siku uliweka chumvi kwenye chai ukainywa yote bila kugundua, na mimi nikakutazama, nikisubiri ujifunze. Shuleni walikuwa wakisema unasinzia asubuhi. Halafu jioni ikiingia, wewe unachanua. Waosha vyombo visivyo zamu yako, wafanya hesabu, waimba. Nami nikienda kulala naona mwanga chini ya mlango wako, nasema moyoni: huyu ni mjanja. Asubuhi nakuona mvivu, usiku nakuona mjanja, wala sikuona ajabu mtu mmoja awe yote mawili.

Ulipokuwa darasa la saba, Bi Mwanaidi wa ghorofa ya pili alinisimamisha kwenye ngazi. Wamjua, mtu wa Kibokoni, hata habari ya bomba kupasuka huanza kwa kukuuliza hali ya wazee.

"Baba Wakio, n'na neno, na usin'shike vibaya."

"Sema, bibi."

"Mwanao. Usiku nimemuona juu ya paa, yuwazunguka na nguo nyeupe. Saa zile si saa za watu."

"Ni saa za nani?"

"Ah! Mimi sijasema. Utasema wewe."

Akashuka zake, akaniacha na neno ambalo hakulisema. Wewe wajua na mimi najua ni neno gani: kwamba unawanga, kwamba mwanangu ni wa wale wanaotoka usiku kuwachezea watu milangoni. Nilicheka. Mimi ni Mkristo, mtu wa bandari, mambo ya wanga hayanihusu. Sikuamini hata kidogo. Nilishuku tu.

Kumbe ulikuwa umefua shuka ya mama yako, waianika. Usiku ndipo ulipokuwa na nguvu za kufua.

Sikukuuliza. Hilo ndilo linaloniuma hata leo, mwanangu, kwamba ulikuwa umbali wa mlango mmoja na mimi sikukuuliza. Nilichofanya ni kukupeleka kanisani kwenye kesha, nikamnong'oneza mchungaji kwamba mtoto ana roho ya usiku, aombewe itoke. Hebu fikiria akili ya mtu huyo. Kutoa roho ya usiku, nikachagua ibada ya usiku kucha! Usiku haujawa mkubwa, nilikuwa nimelala juu ya benchi, kinywa wazi, na nasikia hata mchungaji aliegemea mimbari akatulia kwa muda ambao haukuwa wa sala. Kulipokucha nilitikiswa bega. Mchungaji amesimama juu yangu, macho mekundu, uso umejaa furaha.

"Ndugu, huyu binti yako ndiye aliyetuongoza nyimbo mpaka asubuhi. Sisi wote tulianguka. Mungu amekupa mlinzi!"

Nikarudi nyumbani nimebebeshwa sifa badala ya dawa. Na asubuhi ya Jumatatu, kifuniko kama kawaida.

Bibi yako alipokuwa hai nilimlalamikia kwa simu kutoka hapa hapa. Akanisikiliza mpaka salio likakaribia kwisha, kisha akasema, "Wewe mwenyewe ulimwita Wakio, mtoto aliyezaliwa usiku. Sasa wamlaumu kwa kuitika?" Nikamwambia mtandao ni mbaya.

Sasa nikueleze nililokuficha. Ulipokuwa kwenye mazoezi ya kazi pale hospitalini, nilikuja kukupeleleza. Nilibeba hotpoti ya wali na mchuzi wa nazi, kwa sababu hakuna mlinzi duniani anayemzuia mzazi mwenye hotpoti. Nilikuwa nimekuja kumwona yule mwanamume. Nikajibanza kwenye korido, mahali naona mlango wa chumba chenu.

Kulikuwa na mzee mmoja amekataa kuingia kwenye ile mashine kubwa. Ameshika nguzo ya kitanda kwa mikono miwili.

"Siingii humo. Hilo ni jeneza lenye umeme."

"Babu, jeneza halina taa," ukamwambia.

"Hata la tajiri?"

"La tajiri lina maua. Hebu tazama." Ukapanda wewe juu ya kitanda cha mashine, ukajinyoosha, ukakunja mikono kifuani. "Nimekufa mimi?"

"Wewe bado mtoto, kifo hakikutaki."

"Basi mimi nitasimama hapo nje ya mlango. Kikija kitanikuta mimi kwanza, kitaona hakuna cha kuchukua, kitarudi."

Mzee akaiachia nguzo. Na yule mwenzako wa "usiku ndio wetu sisi" nilimwona pia, mama mmoja mnene mwenye sweta, anapuliza uji kwenye kikombe, akikurudishia neno lile lile.

Mwanangu, nilikutazama pale nikajua sijawahi kukuona. Miaka yote nimeishi nawe, nilikuwa namwona mtu mmoja tu, yule anayetolewa kitandani kwa kelele. Huyu mwingine, mwenye macho yanayong'aa, mwepesi wa mikono, anayemfanya mzee aliyeogopa acheke, alikuwa anatoka nikishalala. Nilikuwa nakagua lakiri, halafu naandika kilichomo ndani bila kufungua.

Nilikaa kwenye viti vya wagonjwa ili nikungoje unitambue, na bila shaka nikalala. Mlinzi akanigusa. "Mzee, mgonjwa wako ni nani?" Kabla sijaamka vizuri nikamjibu, "Ni mimi." Akakimbilia kiti cha magurudumu. Nikatoroka, hotpoti nikaiacha. Ile hotpoti uliyoikuta kwa mlinzi, ukamshukuru mama yako, na yeye akapokea shukrani bila kujua ya nini, ilikuwa yangu.

Ndipo ikaja ile Jumapili ya mahamri na mbaazi. Ulinionyesha kwenye simu picha ya kichwa chako, mliyopigiana chuoni mlipokuwa mkijifunza. Nikaona kitu kama koliflawa iliyokatwa kati.

"Uvivu uko upande gani?" nikauliza.

"Hauonekani, Baba."

"Basi umefichwa vizuri."

Ukacheka, ukavuta kiti. Ukanieleza kwamba wako watafiti waliopiga picha vichwa vya watu waamkao mapema na vya watu wachelewao kulala, wakavilinganisha. Kwa ujumla wakaona tofauti ndogo katika zile nyuzi nyeupe za ndani, zinazopeleka habari kutoka sehemu moja ya ubongo hadi nyingine. Kwa watu wa usiku, mahali fulani, nyuzi zile zilionekana hazijakaa sawasawa kama za wenzao.

"Na hii yako, waonyesha hivyo?"

"Picha yangu peke yake haisemi kitu. Hata daktari hawezi kuitazama akajua naamka saa ngapi. Ni mpaka vichwa vingi, na kompyuta ifanye hesabu."

"Ndivyo mlivyozaliwa?"

"Haijulikani. Huenda kuna la kuzaliwa. Na huenda mtu wa usiku akilazimishwa kwenda na saa za watu wa asubuhi, miaka na miaka, akawa hashibi usingizi, basi kule kutoshiba ndiko kunakozichosha. Kipi kilitangulia, wenyewe hawajakubaliana."

Nikushukuru kwa neno hilo "haijulikani." Getini kwetu, kontena ambalo karatasi zake zote ni safi, kila muhuri mahali pake, dereva anatabasamu, hilo ndilo tunalolifungua. Ungeniambia kwamba sayansi imethibitisha wewe ndivyo ulivyoumbwa, basi wazee wanyamaze, ningekushuku mpaka leo. Lakini ulikuja na shaka zako mwenyewe, ukaniwekea mezani. Nikakuamini. Na nilipokuamini tu, nikaona ulichokisema kinaelekea wapi.

"Kwa hivyo," nikauliza, "huenda ni kile kifuniko?"

Ukatazama sahani yako. "Baba, mbaazi zinapoa."

Na mama yako akainuka kwenda jikoni kuleta chai, na chupa ya chai ilikuwa mbele yake.

Tangu siku ile shaka yangu imegeuka, inanitazama mimi. Nimejaribu kuitoroka. Nimesema, baba zetu wote walituamsha hivyo. Nimesema, shule ilianza asubuhi, mimi sikuiweka ratiba ya shule. Yote kweli, na kwa shule ningekuamsha tu. Lakini Jumamosi je? Likizo je? Homa yako ya darasa la tano, siku ulipopata nafuu? Zile asubuhi hazikuwa za shule. Zilikuwa zangu, kwa sababu niliona raha kuwa mtu wa kwanza macho nyumbani, na nilitaka shahidi.

Na hapo kuna jambo jingine lanikera. Kama wewe hukuuchagua usiku, basi mimi nami sikuichagua alfajiri. Huamka tu, kama jogoo, bila juhudi yoyote. Miaka yote nimejisifu mbele za watu kwa kitu nilichoteremshiwa bure, na wewe nikakulaumu kwa kukosa ulichonyimwa. Nashuku hata bidii yangu yote haikuwa bidii. Ilikuwa usingizi kwisha.

Kwa hivyo sikuombi uniambie si mimi. Hujui, wala hao wenye vichwa vingi hawajui. Nakuomba tu, siku nyingine nikiuliza, usiniambie mbaazi zinapoa. Niambie "huenda, Baba." Naweza kuishi na "huenda." Ndiyo chakula changu cha kila siku.

Nami bado nashuku mengine, usidhani nimepona; ndiyo maana juzi nilisema "tutaona." Nashuku kwamba huko uendako watasikia unapenda usiku, na kila mwenye harusi, kila mwenye mtoto mgonjwa, atakurushia zamu yake, ati ubongo wako ndio umeumbwa hivyo. Mimi niliutumia mchana kukuonea, wao wasije wakautumia usiku. Hata samaki hulala. Nashuku pia kwamba iko siku utachelewa jambo kwa uzembe halisi, nawe utavuta ile picha ya koliflawa kujitetea. Siku hiyo nipigie mimi kwanza. Nina uzoefu mkubwa wa kumtambua mtu anayejificha nyuma ya kichwa chake, maana nimekaa nyuma ya changu miaka hamsini na kitu. Na ukija kuwa na mtoto, Mungu akijalia, akatokea mtu wa alfajiri, atakugongea mlango gizani, macho makavu, ataka hadithi, nawe utataka kumtupa dirishani. Hapo ndipo

Nimeamka.

Nililala hapa hapa juu ya karatasi; tazama mstari ulivyokimbilia pembeni. Sasa kunakucha, wa msikitini ameshaadhini, na wewe nakusikia unakoroma kidogo. Lakini kuna mambo mawili hapa mezani nayashuku. La kwanza, nimefunikwa kanga mabegani. La pili, kalamu ina kifuniko chake, na mimi sijawahi kufunika kalamu maisha yangu. Sijui umesoma kiasi gani. Mama yako amegeuka ukutani ninapomuuliza.

Nikaenda jikoni. Nilikuwa nimeamua usiku kwamba kile kifuniko cha sufuria nitakutilia sandukuni kabla hujaamka, kwa mzaha na kwa msamaha, ili ujue hakitalia tena nyumba hii. Sikukikuta. Nikatazama kabatini, chini ya sinki, nyuma ya jiko. Shaka ikanipanda kama kawaida. Sanduku lako liko sebuleni, limefungwa. Nikafanya nilichokatazwa kufanya kazini, nikalifungua mwenyewe.

Kimo ndani. Umekifunga kwenye ile fulana yako ya zamani ya shule, katikati ya nguo, mahali mtu anapoweka glasi isivunjike.

Sijui kwa nini umekichukua. Huenda ni ili nisimgongee mtu mwingine tena. Huenda ni ya kukumbukia. Huenda wataka tu sufuria ya huko iwe na kifuniko. Nimesimama pale nimekishika, na lile bonyeo katikati laingia ngumi yangu barabara.

Bi Mwanaidi amepita mlangoni sasa hivi akitoka kuanika nguo paani, akielekea sokoni.

"Baba Wakio, leo mbona kimya? Kuna msiba?"

"Mtoto amelala."

"Amelala! Na safari?"

"Treni ni ya mchana. Mwache alale."

"Makubwa!" akasema. Kisha, wallahi, akainama akavua champali zake, akazishika mkononi, akashuka ngazi pekupeku.

Radhi umezipata, mwanangu. Za usiku wote, na asubuhi za kulala baada yake. Nenda ukasimame nje ya mlango wa watu wanaoogopa.

Barua hii naikunja niiweke chini ya kifuniko, ndani ya ile fulana. Pembeni ya nguo kuna mfuko mdogo wenye zipu, umetuna, na mkono wangu ulikuwa umeshauelekea. Nimeurudisha. Nalifunga sanduku kama nilivyolikuta, sijaangalia kingine.

Baba yako